Mwenyeheri Elżbieta Róża Czacka: Mama Asiyeona Aliyewarudishia Wasioona Heshima ya Kazi



Wapendwa waamini, wengi wetu tunaoishi upande wa Mwanakwerekwe tunamfahamu mtu wa namna hii. Alikuwa fundi seremala, na vitanda na makabati yake yamo ndani ya nyumba za Wakristo na za Waislamu. Kisha macho yakaanza kufifia pole pole, kwanza pembeni, halafu katikati, na alipokwenda hospitali akaambiwa ni presha ya macho na kwamba mwanga uliopotea haurudi. Sisi wachungaji wake tulifanya tulilozoea kufanya. Tulitangaza mchango, jumuiya ndogo ndogo zikachanga kwa moyo, nasi tukampelekea bahasha nyumbani. Alishukuru kwa adabu zote. Kisha akatuuliza kama katika parokia kuna kazi yoyote anayoweza kufanya.

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumewaza atakula nini, atalipaje kodi ya nyumba, na nani atamshika mkono kuja kanisani. Hatukuwa tumewaza hata mara moja kwamba mikono yake ilikuwa bado mizima.

Swali lile ndilo lililotupeleka kuyasoma upya maisha ya mwanamke ambaye Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri mwaka 2021, na ambaye alilibeba swali hilo hilo kwa zaidi ya miaka 60. Ni Mama Elżbieta Róża Czacka, wa Poland. Alizaliwa mbali na pwani yetu na katika mazingira tofauti kabisa na yetu. Hata hivyo tunaamini kwamba maisha yake yana neno kwa kila parokia yenye mwamini aliyepoteza nuru ya macho, na hakuna parokia isiyo naye.

Róża Czacka alizaliwa tarehe 22 Oktoba 1876 katika mji wa Biała Cerkiew, ambao leo uko Ukraine. Wakati huo Poland haikuwamo katika ramani ya dunia, kwa kuwa nchi ilikuwa imegawanywa kati ya madola matatu jirani, na mji huo ulikuwa chini ya Urusi. Familia yake ilikuwa ya kikabaila, yenye mali na jina kubwa, na ilikuwa imelipatia Kanisa makardinali. Binti huyo alifundishwa lugha za kigeni, alipiga kinanda, alipanda farasi, na alitazamiwa kuishi kama walivyoishi mabinti wa tabaka lake: karamu, safari, na hatimaye ndoa inayofanana na hadhi ya nyumba yao. Bibi yake mzaa baba alimlea katika sala, na mbegu hiyo ilikaa ardhini ikisubiri wakati wake.

Macho yake yalikuwa dhaifu tangu utotoni. Mwaka 1898, akiwa bado kijana wa miaka ishirini na ushei, alianguka kutoka juu ya farasi. Utando ulio nyuma ya jicho, ule unaopokea mwanga, ukabanduka. Familia yenye fedha haikosi madaktari, naye alipelekwa kwa mabingwa wa nchi mbalimbali, akafanyiwa matibabu ambayo hayakufaa kitu. Mwishowe daktari wa macho wa Warsaw, Bolesław Gepner, alimweleza ukweli ambao wengine waliogopa kuusema: kwamba hataona tena, kwamba asipoteze nguvu kwa kutangatanga kutafuta tiba isiyokuwepo, na kwamba katika nchi yao kulikuwa na maelfu ya wasioona ambao hakuna aliyewashughulikia.

Tusipite haraka hapo. Katika familia zetu mtu anapopoteza macho, mara nyingi humficha ukweli kwa miaka. Hutembezwa kutoka kwa mganga huyu hadi kwa yule, kutoka dawa hii hadi ile, mpaka akiba yote iishe, na wakati huo wote hajifunzi lolote la kumsaidia kuishi katika hali yake mpya. Daktari yule alimkata tamaa ya kuona, lakini hakumkata tamaa ya kuishi. Mama Elżbieta alimkumbuka maisha yake yote kama mtu aliyemtendea wema mkubwa.

Kazi ya kwanza aliyojipa ilikuwa kujifunza upya kila kitu. Alijifunza kutembea peke yake, kujihudumia, na kusoma kwa vidole maandishi ya nukta nundu. Maandishi hayo yalibuniwa na Mfaransa Louis Braille, ambaye mwenyewe alipofuka akiwa mtoto, akaja kuwa mwalimu wa wasioona na mpiga kinanda wa makanisa ya Paris. Nukta sita tu, zikipangwa kwa namna mbalimbali, hutosha kuandika herufi zote, tarakimu na hata muziki. Binti wa kikabaila alikaa kama mtoto wa darasa la kwanza, akazipapasa moja moja hadi zikamfungukia.

Kisha akasafiri. Alitembelea shule na vituo vya wasioona katika nchi kadhaa za Ulaya, hasa Ufaransa, akitaka kujua wenzao wamefika wapi. Huko alijifunza kutoka kwa kazi ya Maurice de la Sizeranne, Mkatoliki asiyeona, aliyekuwa ameunda huko Paris mwaka 1889 chama cha kuwasaidia wasioona kusoma na kufanya kazi. Alirudi nyumbani na wazo moja lililo wazi, ambalo ndilo kiini cha maisha yake yote: asiyeona si mtu wa kulishwa tu. Ni mtu kamili, mwenye akili, mikono na wito, na jamii inamdai kazi yake kama inavyomdai kila raia mwingine. Kwa hiyo msaada wa kwanza anaostahili kupewa ni ule utakaomwezesha kuacha kutegemea msaada.

Wazo hilo lilikuwa geni katika Warsaw ya siku zile. Asiyeona wa familia tajiri alifichwa chumbani, na wa familia maskini alikaa mlangoni pa kanisa akinyoosha mkono. Wenye huruma walitia sarafu na kupita. Wote wawili, wa chumbani na wa mlangoni, walikuwa wamefungiwa nje ya maisha, ingawa kwa milango tofauti.

Mwaka 1908 Róża alianza na kundi dogo la wasichana wasioona katika nyumba moja ya Warsaw. Mwaka 1911 chama alichokianzisha kwa ajili ya kuwahudumia wasioona kilipata kibali cha serikali. Kidogo kidogo kukawa na makao ya watoto, shule, karakana za kufundishia kazi za mikono na maktaba ya vitabu vya nukta nundu, ambavyo vilinakiliwa kwa mkono, nukta kwa nukta, na watu waliojitolea. Palikuwa pia na utaratibu wa kuwatembelea wasioona majumbani mwao. Katika karakana walijifunza kusuka vikapu, kutengeneza brashi, kufuma. Urithi wake wa kikabaila aliutia humo wote, na ulipokwisha akaishi kwa kuitegemea Maongozi ya Mungu na ukarimu wa watu, pamoja na madeni yaliyomnyima usingizi.

Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta akiwa safarini, ikamzuia katika mji wa Żytomierz kwa takriban miaka mitatu. Mtu aliyezoea shughuli akajikuta hana shughuli. Aliyekuwa ameanza kujenga akajikuta mbali na jengo lake. Alikitumia kipindi hicho kama mafungo marefu. Humo alivaa vazi la Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko na kuchukua jina la Elżbieta, na humo akaelewa kwamba kazi yake ilihitaji watu watakaojitoa kwa maisha yao yote. Alirudi Warsaw mwaka 1918. Tarehe 1 Desemba ya mwaka huo, majuma machache tu baada ya Poland kupata tena uhuru wake, Shirika la Masista Wafransisko Watumishi wa Msalaba lilianza kwa idhini ya Kanisa.

Shirika hilo lilikuwa na jambo ambalo si la kawaida. Wanawake wasioona walipokelewa kama masista pamoja na wanaoona, katika nyumba moja, kwa nadhiri zile zile. Mwanamke asiyeona hakuingia humo ili atunzwe. Aliingia ili atumike. Mama Elżbieta mwenyewe, mkuu wa shirika, alikuwa ushahidi wa hilo kila siku. Na masista walipewa utume mwingine tena: kutolea sala na sadaka zao kwa ajili ya upofu wa roho, ule wa watu wenye macho mazima ambao hawamwoni Mungu wala hawamwoni jirani yao.

Kuanzia mwaka 1922 kazi hiyo ilihamia Laski, kijiji kilicho pembezoni mwa msitu karibu na Warsaw, juu ya ardhi waliyopewa na mfadhili. Palijengwa shule, mabweni, karakana na kikanisa cha mbao. Padre Władysław Korniłowicz, mlezi wa kiroho wa kazi yote, aliwavuta huko wasomi na waandishi, hata wale waliokuwa mbali na imani, na wengi wao walirudi kwa Mungu wakiwa miongoni mwa watoto wasioona. Mama Elżbieta na wenzake waliyafanyia kazi pia maandishi ya nukta nundu ya lugha ya Kipoland, nayo yalikubaliwa rasmi mwaka 1934 kutumika katika shule za nchi. Hivyo mtoto asiyeona angeweza kusoma lugha ya mama yake kama watoto wengine.

Septemba 1939 vita vikarudi. Warsaw ilipopigwa mabomu, Mama Elżbieta, akiwa na miaka 62, alijeruhiwa vibaya kichwani na kupoteza jicho moja. Majengo mengi ya Laski yaliharibiwa. Mtu angemwelewa kama angesema yametosha. Yeye alirudi Laski, akaanza kujenga tena, na katika miaka ile ya vita kituo chake kikawa kimbilio la watu wengi. Padre mmoja aliyejificha kwa sababu ya vita alikuwa mlezi wa kiroho mahali hapo kuanzia mwaka 1942. Jina lake Stefan Wyszyński, ambaye baadaye alikuwa Kardinali na mchungaji mkuu wa Poland katika miaka migumu ya ukomunisti.

Baada ya kupata kiharusi, nguvu zilimwisha, na mwaka 1950 Mama Elżbieta aliwaachia wengine uongozi wa shirika. Aliishi miaka yake ya mwisho katika sala na mateso, bila kulalamika, akafariki dunia Laski tarehe 15 Mei 1961, akiwa na umri wa miaka 84. Kanisa lilithibitisha muujiza uliopatikana kwa maombezi yake, uponyaji wa msichana mdogo aliyeumia vibaya sana kichwani mwaka 2010. Tarehe 12 Septemba 2021, mjini Warsaw, alitangazwa Mwenyeheri pamoja na Kardinali Wyszyński, padre yule wa siku za vita.

Wapendwa, kazi yake haikubaki Ulaya. Imefika hata kwa majirani zetu. Huko Kibeho, Rwanda, mahali ambapo Bikira Maria aliwatokea wasichana wa shule katika miaka ya 1980, masista wake wanaendesha shule ya watoto wasioona. Watoto Waafrika wanasoma humo kwa vidole vyao kama alivyosoma yeye. Na hapa kwetu Tanzania ndugu zetu Waanglikana walifungua shule ya wasioona ya Buigiri, mkoani Dodoma, tangu mwaka 1950. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba jambo hili ni la wazungu au ni la nchi tajiri.

Sheria nazo zinakubaliana na imani yetu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania Bara ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3 kati yao, na Zanzibar nayo ina sheria yake ya kulinda haki zao. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba mwenye ulemavu ni binadamu kamili mwenye haki zake zote, na kwamba jamii inayowapa kazi wenye viungo kamili peke yao inawabagua wanyonge kwa ajili ya wenye nguvu. Lakini sheria haimtembelei mtu nyumbani, na waraka haumshiki mtu mkono. Hayo ni yetu.

Tukumbuke Bartimayo. Injili inatuonyesha mtu asiyeona akiwa ameketi kando ya njia, akiomba. Watu walipomsikia anapaza sauti walimwambia anyamaze, pengine kwa kuwa walikwisha kumpangia mahali pake, napo ni pembeni. Bwana alisimama, akamwita, akamuuliza anataka nini. Hakukisia. Alimuuliza mwenyewe. Sisi tulipompelekea bahasha ndugu yetu wa Mwanakwerekwe, hatukumuuliza; tulikisia. Ilibidi yeye atuulize sisi.

Hatusemi kwamba sadaka ni mbaya. Mwenye njaa ale leo, na mchango wa jumuiya ulilipa kodi ya nyumba ambayo isingelipika. Tunachosema ni kwamba bahasha isiwe ndiyo mwisho wa safari. Mtu mzima aliyekuwa akilisha familia yake, akigeuzwa ghafla kuwa wa kulishwa, hupoteza kitu cha pili baada ya macho: hupoteza nafasi yake mezani. Watoto wanaanza kuamuliwa mambo bila yeye. Majirani wanazungumza na mkewe mbele yake kana kwamba hayupo. Kazi, hata iwe ndogo, humrudishia sauti.

Nazo kazi zipo. Kisiwani kwetu kina mama husuka ukili huku wakizungumza, macho yao yakiwa kwa wageni na vidole vikijua njia. Kamba ya usumba husokotwa kwa kiganja. Kuku hufugwa, chumvi na sukari hupimwa na kufungwa, kinanda hupigwa, katekisimu hufundishwa kwa moyo na kwa sauti. Simu za siku hizi husoma maandishi kwa sauti, na aliyesoma kabla ya kupofuka anaweza kufundishwa kuzitumia akafanya kazi ya ofisi. Kinachohitajika ni mtu wa kumfundisha kwa subira, fimbo nyeupe ya kumpa uhuru wa kutembea, na mnunuzi anayenunua kwa kuwa bidhaa ni nzuri. Anayenunua kwa huruma atanunua mara moja tu.

Baada ya kusoma maisha ya Mama Elżbieta tulirudi kwa ndugu yetu, safari hii bila bahasha, tukamuuliza yeye anaona anaweza nini. Alijibu bila kusita: kupiga msasa. Alieleza kwamba hata alipokuwa akiona, ulaini wa mbao hakuupima kwa macho. Tulizungumza na fundi mmoja mwenye karakana si mbali na soko, Mwislamu, ambaye zamani walifanya kazi pamoja. Alisita kwa sababu ya misumeno na mashine, na hofu yake ilikuwa ya haki. Wakakubaliana kumtengea kona upande wa pili, mbali na mashine, na kamba iliyofungwa kutoka mlangoni hadi kwenye benchi lake.

Sasa anakwenda siku tatu kwa juma. Mwanawe humpeleka asubuhi, na kurudi anajirudia mwenyewe kwa fimbo, akihesabu hatua. Analipwa kwa kila kipande, kwa bei ile ile ya wengine. Fedha hizo hazijatosha kodi yote ya nyumba, na mchango wa jumuiya bado unahitajika kila baada ya miezi michache. Lakini Dominika moja kikapu cha sadaka kilipopita, tulimwona akiingiza mkono mfukoni na kutoa noti yake, akiipapasa kwanza kwa kidole gumba kuhakikisha ukubwa wake.

Tunaziomba jumuiya ndogo ndogo zote, katika mikutano ya mwezi huu, ziwatafute kwa majina waamini waliopoteza macho, hasa waliopofuka wakiwa watu wazima, na kuwauliza swali alilouliza Bwana. Majibu yaletwe kwa paroko pamoja na majina ya mafundi, wafanyabiashara na walimu walio tayari kumpokea mtu mmoja mmoja. Mwenyeheri Elżbieta Róża Czacka atuombee, ili tusiwe sisi ndio tusioona.